Pweza wa Kigombe na jarida la siku tatu
Mdogo wangu unaeuliza kama ulipie lile jarida lililokutumia imeili kwamba thisisi yako ya pweza wa Kigombe, kile kijiji cha wavuvi Tanga, inatoka ndani ya siku tatu, usilipe hata senti aisee, siku tatu hakuna mtu alieisoma kazi yako hapo. Jaribu Western Indian Ocean Journal of Marine Science, ni la WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari ya magharibi ya Bahari ya Hindi, wako Zanzibar, lipo tangu 2002, linasomeka bure na bahari yetu wanaijua. Na usione data ya kijiji kimoja ni ndogo, silikanti, yule samaki wa kale, dunia ilimjua 1938 kule Afrika Kusini ila kuanzia miaka ya 2000 akawa ananaswa kwenye majarife ya papa hapahapa Tanga, wa kwanza kumuona wavuvi, mpaka 2009 hifadhi yake ikatangazwa. Ila ueleze vizuri ni bamvua (maji yakipwa na kujaa sana) au maji mafu (yakipwa kidogo), zana gani za kuvulia, kila pweza uzito wake na jike au dume, riviua, yule mtaalamu anaeikagua kazi kabla haijatoka, anaanzia hapo. Na kina mama waliokuchokolea pweza mwambani waweke kwenye shukrani kwa majina yao, wakiridhia.