Namba 20 ya Pamba Siyo Namba 20 ya Sufu

Juzi dada mmoja kaniandikia: "Mama, nimenunua koni za uzi za namba ile ile unayotumia, mbona sweta zinalegea?" Nikacheka, kisha roho ikaniuma. Somo hilo nililipia ada.

Miaka sita iliyopita, hapa Nakuru, nilipata oda ya sweta 40 za chekechea. Koni zangu za sufu, zilizoandikwa 2/20 (yaani nyuzi mbili za namba 20 zilizosokotwa pamoja), zikaniishia. Muuzaji akaniletea za pamba, nazo 2/20, tena bei nafuu. Nikamshukuru Mungu, nikakesha na mashine. Mwalimu mkuu akainua sweta ya kwanza dirishani, akanitazama kupitia matundu. "Mama Sweta, tuliagiza sweta au nyavu za omena?" Zote 40 zikarudi. Mpaka leo nikikutana naye sokoni nageuza njia.

Kumbe chanzo ni Uingereza ya zamani. Wasokotaji wa pamba wa Lancashire walizungusha uzi mara 80 kwenye gurudumu lenye mzingo wa yadi moja na nusu, wakapata fungu la yadi 120. Mafungu saba yakawa kitita, yadi 840. Watu wa sufu ya nyuzi ndefu kule Bradford walizungusha 80 hizo hizo, mafungu saba hayo hayo, ila mzingo wao ulikuwa yadi moja tu: kitita yadi 560. Namba ya koni ni idadi ya vitita katika ratili moja, karibu nusu kilo. Kwa hiyo ratili ya uzi namba 20 wa pamba ina yadi 16,800, wa sufu hiyo ndefu 11,200: uzito ule ule, lakini uzi wa pamba ni mwembamba zaidi. Kitani walikihesabu kwa yadi 300, na sufu fupi ya Yorkshire kwa 256! Pwani yetu nako watu walibishana shuka ipimwe kwa mkono wa nani, lakini mkono angalau unauona.

Sasa nisikilizeni, nyie mnaotaka oda za shule na kuuliza hamtaki. Uliza uzi ni wa nini. Uliza namba ni ya hesabu gani. Muuzaji akikasirika, uliza tena. Kisha kata mita 100, weka kwenye mizani ya jikoni: 2/20 ya sufu huja karibu gramu 9, ya pamba karibu 6. Ni dakika kumi tu, mimi sikuzitoa.

Jana dada yule kanijibu: gramu sita. Alikuwa ameshafuma kumi na mbili.