Muulize Mwanafunzi Alifikaje Hapo

Nimefundisha hisabati kwa miaka 17 katika shule za sekondari za kutwa, na mingi ya miaka hiyo nimeitumia katika uwanda wa Kano karibu na Kisumu, Kenya, ambako ukisimama mlangoni mwa darasa unaona mashamba ya mpunga ya Ahero upande mmoja na ukingo wa milima ya Nandi upande wa pili. Katika muda huo nimebadilisha vitabu, nimepanga wanafunzi kwa makundi, nimetoa mazoezi ya alfajiri na ya Jumamosi. Yote hayo yalisaidia kwa kiasi chake. Lililobadilisha kazi yangu kuliko yote ni swali moja ambalo nilichelewa kuliuliza, nami ningependa walimu wanaoanza wasichelewe kama nilivyochelewa. Kabla ya kusahihisha kosa la mwanafunzi, muulize alifikaje hapo, kisha nyamaza umsikilize mpaka amalize.

Nilijifunza hili kwa msichana mmoja wa Kidato cha Pili. Alikuwa mtoto mwenye bidii, mwandiko wake safi, kazi yake ya ziada haikukosekana hata siku moja. Hata hivyo, katika muhula mmoja aliandika mara tatu kwamba −3 − 5 ni 8. Mara ya kwanza nilitia mkasi kwa kalamu nyekundu. Mara ya pili nilitia mkasi na kuandika jibu sahihi pembeni. Mara ya tatu nilimwita chumba cha walimu saa kumi jioni, nikiwa tayari kumkaripia kwa uzembe, na kwa sababu ambayo siikumbuki nikamuuliza, "Hebu nieleze, ulifikaje hapa?" Alifungua jalada la daftari lake. Hapo ndani, kwa wino mwekundu na kwa kisanduku alichokichora kwa rula, alikuwa ameandika: hasi na hasi ni chanya. Akasema kwa upole, "Mwalimu, ndivyo ulivyotufundisha."

Ndivyo nilivyokuwa nimefundisha. Kanuni ile ni ya kuzidisha na kugawanya, lakini mimi, kwa haraka ya kumaliza mada, niliikata ikawa maneno matano mepesi kukariri, na mtoto mtiifu akaitumia kila mahali alipoona alama mbili za kutoa. Mikasi yangu yote miwili haikuwa imemfundisha kitu, kwa kuwa kila mara alirudi kwenye kile kisanduku na kukuta kwamba alikuwa ametii. Nilikuwa nikiadhibu utiifu kwa kosa lililotoka kinywani mwangu.

Mama yake alikuwa akiuza omena soko la Kibuye, kwa hiyo tulianzia hapo. Nilimwambia, "Mama yako ana deni la shilingi 300 kwa mwenye mashua. Leo amechukua mzigo mwingine kwa mkopo, wa shilingi 500. Sasa yuko wapi?" Akajibu bila kusita kwamba ana deni la mia nane. Nikamwonyesha kwamba hilo ndilo −300 − 500, akalitazama kwa muda mrefu, akachukua kalamu na kuandika −800 mwenyewe. Kuhusu kuzidisha, hatukutumia deni, maana mfano wa deni huchanganya mtoto unapofika hasi mara hasi. Tulipanga safu: −3 mara 2 ni −6, −3 mara 1 ni −3, −3 mara 0 ni 0. Nikamwuliza majibu yanakwendaje. Akaona yanapanda kwa tatu kila hatua. "Basi −3 mara −1?" Akasema tatu, kisha akanyamaza, kisha akasema, "Kumbe ndiyo sababu." Lile neno kumbe ndilo ninalolitafuta kila ninapoingia darasani.

Namna ya kuuliza ina uzito wake. Ukimwuliza mtoto, "Kwa nini umekosea?" atajitetea au atanyamaza, kwa kuwa hajui kwa nini; angalijua asingalikosea. Ukisema, "Nieleze ulivyofanya, hatua kwa hatua," atakupeleka mpaka pale njia ilipopinda. Na swali hilo ni lazima uwaulize pia waliopata. Ukiliuliza kwenye makosa peke yake, baada ya wiki moja darasa zima litakuwa limejua kwamba mwalimu akiuliza hivyo mtu amekosa, nao watafuta jibu kabla hawajafungua kinywa. Isitoshe, jibu sahihi linaweza kuficha kosa. Mvulana mmoja alirahisisha 16/64 akapata 1/4, nami nilitia vema na kupita. Siku nilipomwuliza, alinieleza kwamba alifuta sita ya juu na sita ya chini. Nikampa 13/39. Alifuta tatu zote mbili, akaniandikia 1/9, ilhali jibu ni 1/3. Kama nisingemwuliza, angefika Kidato cha Nne na kanuni hiyo mfukoni.

Najua swali litakalofuata, kwa sababu nimeulizwa na wenzangu mara nyingi: darasa lina wanafunzi 60, utamsikiliza nani? Huwezi kuwasikiliza wote, wala huna haja. Mimi huchukua madaftari kumi kwa siku na kuyasoma nikitafuta jambo moja tu, yaani aina ya kosa, si alama. Kabla ya kengele huandika swali moja fupi ubaoni, kila mmoja akalijibu kwenye kipande cha karatasi, nami huzipanga karatasi hizo mezani kwa mafungu kulingana na makosa. Karatasi 60 hutoa mafungu manne au matano, mara chache zaidi ya hapo. Kesho yake ninazungumza na mtoto mmoja wa kila fungu, na wengine wa fungu hilo husikia kosa lao likielezwa bila kutajwa.

Nina daftari langu la makosa ambalo nimeliandika kwa miaka mingi, na kinachonishangaza ni jinsi yanavyojirudia. Nusu jumlisha theluthi inakuwa 2/5, kwa kuwa mtoto amejumlisha juu na juu, chini na chini. 0.25 inaonekana kubwa kuliko 0.5, kwa kuwa 25 ni kubwa kuliko 5. Na lile la aljebra ambalo hakuna mwalimu asiyelijua: mraba wa a jumlisha b unaandikwa kuwa mraba wa a jumlisha mraba wa b. Kwa hilo la mwisho, ushauri wangu ni kutoka nje. Sisi hupiga vigingi vya kamba ardhini kama wakulima wanavyogawa majaruba ya mpunga: upande wa hatua tatu na hatua nne, pande zote, tupate mraba wa saba kwa saba. Wanahesabu 49. Kisha wanatazama mraba wa 9 na mraba wa 16 ulio ndani, jumla 25, na wanauliza wenyewe 24 zilizobaki ziko wapi. Ziko pale, majaruba mawili ya 12, yaani 2ab, wanaweza kusimama juu yake. Mtoto aliyesimama ndani ya 2ab ni vigumu kuisahau.

Makosa mengine si ya hisabati hata kidogo, ni ya lugha. Wanafunzi wangu wengi huzungumza Dholuo nyumbani na Kiswahili sokoni, nao hukutana na x kwa mara ya kwanza kwa Kiingereza. Swali linaposema nambari fulani imepungua x kwa tano, Kiingereza hutaja tano kwanza na x baadaye ("five less than x"), na mtoto anayeandika kwa kufuata mpangilio wa maneno huandika 5 − x. Nilidhani hawajui kutoa. Walipoanza kunieleza, niligundua kwamba wametafsiri neno kwa neno, tena kwa uaminifu. Sasa kila swali la maneno tunalisema kwanza kwa Kiswahili, kwa mpangilio wa tendo lenyewe: chukua x, ondoa tano. Baada ya hapo tunarudi kwenye sentensi ya Kiingereza na kuisoma pamoja, maana mtihani hautakuja kwa Kiswahili na sitaki wakutane nayo peke yao siku hiyo. Wapo wenzangu wanaoamini kwamba kuleta Kiswahili katika kipindi cha hisabati ni kushusha hadhi ya somo. Ninawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Mtoto hawezi kupanga mlinganyo wa jambo ambalo hajalielewa.

Mfano ninaoupenda zaidi ulitokea katika mada ya longitudo na latitudo, Kidato cha Nne. Kila mwaka nusu ya darasa hukosea kuhusu saa: ukielekea magharibi, wanaongeza muda badala ya kupunguza. Miaka mingi niliwakaririsha kwamba mashariki ni kujumlisha na magharibi ni kutoa, na bado walikosea. Nilipomwuliza mvulana mmoja alifikaje hapo, alisema, "Mwalimu, magharibi jua linachelewa kufika, na mtu akichelewa saa inakuwa imesonga." Alichosema kina ukweli ndani yake. Alikuwa anatumia saa moja kwa mahali pawili, jambo ambalo ndilo tunalofanya nchini kila siku bila kulifikiria.

Basi tulilipima. Kenya nzima hufuata saa ya longitudo ya digrii 45 mashariki, ambayo haipiti hata katika ardhi yetu, iko mashariki zaidi. Kisumu iko karibu na digrii 34 na robo tatu. Tofauti ni digrii 10 na robo, na kwa kuwa dunia huzunguka digrii moja kila dakika nne, jua la utosi hapa kwetu linapaswa kuchelewa kwa dakika 41 kwa saa ya mkononi. Katikati ya Juni tulisimika fimbo ya mita moja uwanjani, tukaizungushia duara kwa kamba. Kabla ya adhuhuri waliweka alama pale ncha ya kivuli ilipogusa duara ikiingia, na baadaye pale ilipogusa ikitoka, wakaandika saa zote mbili na kuzigawa katikati. Walipata saa sita na dakika arobaini hivi. Kivuli kifupi kabisa kilielekea kusini, kwa kuwa Juni jua huwa kaskazini ya Ikweta, na urefu wake ulikuwa sentimita 43 na ushee, kwa hiyo tukapata na swali la tanjenti ambalo sikuwa nimelipanga: karibu digrii 23 na nusu. Yule mvulana akasimama karibu na fimbo na kuwaeleza wenzake kwamba saa ya mkononi inaonyesha zaidi kwa sababu ni ya watu wa mashariki, lakini saa ya jua ya hapa ndiyo kwanza inafika sita. Tangu siku hiyo sijakaririsha tena ile kanuni. Walimu walio karibu na Maseno, ambako Ikweta inakatiza barabara ya Busia, wana somo hili mlangoni, na ningewasihi walitumie.

Kuna tabia moja ndogo inayofanya haya yote yawezekane: piga marufuku kifutio. Mtoto anayeogopa kosa hulifuta, na akishalifuta wewe huna cha kusoma. Wanangu hukata kosa kwa mstari mmoja na kuendelea chini yake. Hili lina faida hata katika mtihani wa KCSE, ule wa taifa wa kumaliza sekondari. Karatasi zote mbili za hisabati ni za saa mbili na nusu na alama 100 kila moja. Sehemu ya kwanza ina maswali 16 ya lazima yenye alama 50, na ya pili ina maswali manane ambayo mtahiniwa huchagua matano, alama kumi kila moja. Sehemu kubwa ya alama hizo ni za njia, si za jibu peke yake. Aliyeacha hatua zake zionekane hupata kitu hata akiteleza mwishoni.

Kuhusu silabasi, nitasema kwa ufupi. Nimewahi kufundisha katika shule iliyotaka mada zote za Kidato cha Nne ziishe mapema mno ili wanafunzi wabaki wakifanya mitihani ya majaribio tu. Nilitii. Nilimaliza mada, na watoto walibaki na visanduku vya wino mwekundu ambavyo sikuwa nimevifungua. Mtaala wa umilisi unaoingia sasa katika sekondari ya juu unasisitiza uelewa, na ninaupokea kwa matumaini, lakini hakuna mtaala utakaomsikiliza mtoto kwa niaba ya mwalimu.

Ukianza Jumatatu, ujue kwamba darasa halitakujibu. Utauliza, "Ulifikaje hapo?" na mtoto atatazama meza, kwa sababu miaka yote swali la mwalimu limekuwa hukumu. Usilijibu mwenyewe. Hesabu kimya kimya mpaka kumi, na kama hajasema, mwambie utarudi kwake kesho, kisha urudi kweli. Kwangu ilichukua karibu wiki nne kabla ya mtu kuinua mkono bila kuitwa. Alikuwa mvulana wa dawati la nyuma ambaye sikumbuki kama alikuwa amewahi kusema neno katika kipindi changu, na alisema, "Mwalimu, mimi jibu langu si kama la ubaoni, lakini sijui nilipotoka njiani. Naomba nije niandike nilivyofanya." Nikampa chaki.