Maswali na Majibu: Kiongozi Ajifunzaye Pamoja na Jumuiya Yake

Barua za safari hii zimetoka Tanga mjini, Muheza, Pangani na Korogwe. Nimechagua zile zinazogusa jambo linalonisumbua siku zote: tunawachagua viongozi wa Kanisa kwa haraka, kisha tunawaacha wajifunze utumishi mahali ambapo hakuna anayewajua.

*Nimechaguliwa kuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu. Ni semina gani itakayonipa cheti cha uongozi wa kitumishi? (Makorora, Tanga)*

Swali la cheti limenifikia mara nyingi na nimekwisha kulijibu. Naomba wasomaji waache kuliuliza kana kwamba wito hutolewa kwa mhuri. Semina ya siku mbili inaweza kukufundisha kuendesha kikao na kutunza kumbukumbu, na hayo ni mambo mema, lakini haiwezi kukuonyesha namna unavyokasirika unapopingwa. Hilo wanalijua majirani zako wa jumuiya, nao ndio watakaokusaidia kubadilika ukiwaruhusu.

Mwaka 1963 Wapresbiteri (Wakristo wa Kiprotestanti) wa Guatemala, Amerika ya Kati, waliona kwamba wanafunzi waliopelekwa kusomea uchungaji mjini wengi hawakurudi vijijini, na kwamba watu waliokuwa wakiyaongoza makanisa ya mashambani hawakuweza kuziacha familia zao waende chuoni. Wakaupeleka mfumo wa masomo kwa viongozi hao huko huko walikoishi: mtu akajisomea nyumbani, akaendelea na kazi yake, kisha akakutana na wenzake na mwalimu wao kila juma kujadili yale aliyoyasoma na aliyoyatenda. Elimu hiyo ya theolojia kwa enezi ilisambaa katika nchi nyingi, zikiwemo za Afrika. Ukiipata karibu nawe, jiunge nayo. Usipoipata, tafuta wenzako watatu wa jumuiya yako na mkubaliane kukutana kila juma, msome Injili ya Marko, na kila mmoja awaeleze wengine alivyowatendea watu wa nyumbani mwake tangu mlipoachana.

*Mzee wetu wa kanisa hufagia, hupiga kengele, husoma masomo na kuhesabu sadaka peke yake. Je, huyu si ndiye kiongozi mtumishi? (Muheza)*

Moyo wake naupenda, lakini njia yake siikubali. Yesu alipokwisha kuwatawadha wanafunzi wake miguu hakuwaambia wamtazame tu, bali aliwaambia kwamba imewapasa “vivyo kutawadhana miguu ninyi kwa ninyi”. Mzee anayefanya kila kitu amewanyima wenzake nafasi ya kutumika, na siku atakapougua ndipo mtakapogundua kwamba hakuna aliyejifunza lolote. Yethro alimwonya Musa juu ya jambo hilo hilo katika Kutoka 18, na Mitume waliposhindwa kuwahudumia wajane hawakuongeza saa za kazi; waliliambia kusanyiko lichague watu saba.

Wamonaki, yaani watawa wa kiume, wanaoishi kwa Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa katika karne ya 6, wameagizwa kuhudumiana jikoni kwa zamu, na mtu haondolewi zamu ila kwa ugonjwa au kazi nyingine kubwa. Anayemaliza juma lake na anayelianza huwaosha wote miguu. Gaweni kazi za kanisa kwa zamu namna hiyo, na mzee huyo awe mwenye kuwafundisha wanaoanza. Ama kuhusu sadaka, hata akiwa mwaminifu kiasi gani, asiihesabu peke yake tena.

*Je, mwanamke anaweza kuongoza somo la jumuiya? (Chumbageni, Tanga)*

Anaweza; Prisila na mumewe Akila walimfafanulia Apolo njia ya Mungu, naye Apolo alikuwa hodari katika Maandiko.

*Tunakutana kila juma, tunasoma, tunasali, tunachanga, lakini hatuoni badiliko lolote. Tunakosea wapi? (Pangani)*

Hamkutaja mnafuata utaratibu gani, ila kwa maneno yenu nadhani ni ile njia ya hatua saba iliyotoka Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini, ambayo jumuiya ndogondogo nyingi huitumia: kumkaribisha Bwana, kusoma Neno, kurudia maneno yaliyowagusa, kunyamaza, kushirikishana, kuamua la kutenda, na kusali. Jumuiya nyingi huifupisha hatua ya nne kwa sababu ukimya unawatia wasiwasi, na huiruka ya sita kabisa kwa sababu saa imekwenda na mchango bado haujakusanywa. Hiyo ya sita ndiyo inayolifanya Neno liwe kazi. Ikiondolewa, mtu anaweza kuhudhuria miaka mingi, akajua mistari mingi, na asimtembelee mgonjwa wa nyumba ya tatu.

Anzeni na kosa hilo. Kila mkutano uamue tendo moja, dogo na la wazi, lenye jina la mhusika: nani atampeleka bibi kliniki, nani atakwenda kuwapatanisha ndugu waliogombana. Mkutano unaofuata uanze kwa taarifa ya tendo hilo kabla ya kusoma. Mwenyekiti naye atoe taarifa yake kama wengine, na asipotimiza aseme hakutimiza. Napenda kuonya pia juu ya michango: jumuiya inayokumbukwa na viongozi wakati wa kuchangisha tu haiwezi kumlea mtu kiroho.

*Nilipouliza kuhusu mapato na matumizi ya usharika niliambiwa nisiwaguse wapakwa mafuta wa Bwana. Je, nimetenda dhambi? (Korogwe)*

Hujatenda dhambi, na inanihuzunisha kwamba Maandiko yanatumiwa hivyo. Daudi alikataa kumwua mfalme Sauli kwa kuwa alikuwa mpakwa mafuta wa Bwana, lakini alimwita na kumweleza kosa lake mbele ya watu wote waliokuwapo. Paulo, alipokuwa akisimamia changizo kwa ajili ya watakatifu, alitaka ndugu wengine wafuatane nayo ili mtu asimlaumu, maana alijali yaliyo mema mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia. Petro anawaagiza wazee wasijifanye mabwana bali vielelezo kwa kundi, na kielelezo hakifichi daftari. Rudi kwenye mkutano wa usharika, uliza kwa upole, na uombe swali lako pamoja na jibu lake viandikwe katika kumbukumbu za kikao.