Kinda wa Chiriku Aachwe Anapoweza Kumsikia Baba Yake

Ushauri wangu kwa yeyote anayeokota kinda wa chiriku ni kumrudisha alikotoka, ili wazazi wake waendelee kumlisha na, jambo ambalo wengi hatulifikirii, ili aendelee kumsikia dume mzima akiimba. Kila msimu wa mvua hapa Dodoma, watoto wa majirani huniletea makinda walioanguka kutoka kwenye migunga, boksi na punje za mtama vikiwa tayari, wakiomba tumfuge mmoja aje kutuimbia.

Huwaeleza kwamba huenda asiimbe kama chiriku. Jogoo huwika hata akilelewa peke yake, lakini chiriku hujifunza wimbo wake, na ubongo wake una sehemu maalumu za kazi hiyo. Fernando Nottebohm na wenzake walizieleza mwaka 1976 nchini Marekani kwa kuchunguza kanari, ndugu wa karibu wa chiriku wetu. Kinda husikiliza kwanza na kuuhifadhi wimbo, kisha huanza kujaribu sauti yake, akiilinganisha na alichokisikia. Masakazu Konishi alionyesha mwaka 1965 kwamba ndege aliyepoteza usikivu kabla ya mazoezi hayo huishia na wimbo uliovurugika, hata kama aliwahi kuusikia ulio sahihi.

Mazoezi hayo unaweza kuyasikia mwenyewe. Mvua zinapoelekea kuisha, keti asubuhi karibu na kichaka: dume kijana hujificha kivulini, koo likitetemeka, akitoa milio hafifu isiyo na mpangilio, akakatisha, akarudia kipande kilekile. Tafadhali usimfukuze.

Kinachonitia hofu zaidi ni ufupi wa muda wa kusikiliza. Kwa shomoro wa California wenye utosi mweupe, Peter Marler aliona kwamba nyimbo zilizorekodiwa huwaingia hasa kati ya siku ya 10 na ya 50 tangu kuanguliwa. Rekodi ya simu, ambayo wengi huniuliza, si mbadala wa kutegemea, kwa sababu majaribio kadhaa yameonyesha kwamba ndege aliye hai hufundisha vizuri kuliko spika.

Kwa hiyo, kinda asiye na manyoya arudishwe kwenye kiota, na mwenye manyoya awekwe kwenye tawi la karibu, mbali na paka. Kushikwa na mkono wa mtu hakuwafanyi wazazi wamkatae. Wanachohitaji ni sisi kuondoka hapo.