Pima Kabla ya Kununua: Majibu kwa Wenye Malori Yanayogoma Kuwaka

Barua za safari hii zinalia kilio kimoja. Lori kuukuu limenunuliwa, limegoma kuwaka, na mwenyewe ameshabadilisha vipuri vitatu kabla ya kuuliza. Nimechagua zenye maelezo ya kutosha, pamoja na moja isiyo na maelezo yoyote, kwa kuwa za aina hiyo ndizo nyingi zaidi.

Swali: Fundi, lori langu haliwaki. Tatizo ni nini?

Kwa sentensi hiyo hakuna fundi atakayekusaidia. Sema ni la petroli au la dizeli. Sema stata inazungusha injini kwa kasi, kwa unyonge, au iko kimya. Sema kama ekzosi inatoa moshi unapopiga stata, na ni wa rangi gani. Kisha eleza lori lilikuwaje mara ya mwisho lilipowaka.

Kwa dizeli, habari ya moshi peke yake inapunguza kazi nusu. Injini inazunguka vizuri na ekzosi haitoi moshi hata kidogo? Basi dizeli haifiki kwenye silinda, na kila anayekuambia habari za kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) anakupotezea siku. Unatoka moshi mweupe mzito? Dizeli inafika ila haiungui, kwa hiyo angalia plagi za hita zinazopasha silinda joto, kasi ya stata, taimingi (wakati dizeli inapopulizwa), na mwishowe kompresheni. Kabla ya yote hayo, fungua swichi na usikilize kwenye pampu ya nozeli, ile inayosukuma dizeli kwa presha kwenda kwenye nozeli zinazoipulizia silindani. Kama lori lako lina solenoidi ya kuzimia injini, yaani vali ya umeme inayofungua na kukata mafuta, utasikia mlio mdogo, "tk". Usipousikia, fuata waya wake na fyuzi yake kwanza. Kuna pampu nzima nzima zilizong'olewa kwa sababu ya waya uliochomoka.

Swali: Shikamoo fundi. Lori langu la dizeli likilala usiku, asubuhi linawaka sekunde chache kisha linazima. Nikipampu kwa mkono linawaka na kutembea siku nzima bila shida. Nimebadilisha fueli filta mara mbili. Sasa naambiwa pampu ya nozeli imekufa, ing'olewe.

Marahaba. Usiing'oe. Pampu iliyokufa haifufuki kwa kupampu kwa mkono na kufanya kazi mpaka jioni. Umeeleza vizuri kabisa dalili za lori linaloingiza upepo.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba hawaoni dizeli ikidondoka mahali popote. Haitadondoka. Kuanzia tangini hadi pampu ndogo ya kuvuta, mafuta yananyonywa, hayasukumwi. Tundu likiwa upande huo, hewa ndiyo inayoingia. Lori likisimama, hewa ile inaruhusu dizeli kurudi tangini taratibu usiku kucha. Asubuhi unawaka na kile kidogo kilichobaki kwenye pampu, halafu inafika hewa na injini inazima.

Tafuta kwa mpangilio. Funga kipande cha mpira unaoonyesha ndani kabla ya filta, washa injini, angalia mapovu. Ukiyaona, rudi nyuma kuelekea tangini hatua kwa hatua: mpira uliopasuka chini ya klipu, gasketi ya chujio la maji, koki ya kutolea maji, na pampu ya mkono yenyewe, ambayo kwenye malori ya zamani ni mhalifu wa mara kwa mara. Kama tatizo linazidi tangi likiwa chini ya nusu, bomba la kuvutia lililomo ndani ya tangi huenda limetoboka. Usisahau vimpira vya kurudishia mafuta kutoka kwenye nozeli. Vikikauka na kupasuka navyo vinaingiza hewa. Kila unapofungua bolti yenye tundu la mafuta, weka washa (ringi bapa za kuzibia) mpya za shaba. Washa iliyokwisha kubanwa haizibi tena sawasawa, na wewe umefungua filta mara mbili.

Kuna jaribio moja linalomaliza ubishi. Weka dumu safi la dizeli juu zaidi ya pampu, ulifunge imara lisianguke, kisha lilishe injini kwa mpira mpya moja kwa moja. Lori likilala hivyo na asubuhi likawaka bila kusumbua, pampu ya nozeli haina hatia na ubovu uko nyuma, kuelekea tangini. Anayetaka kung'oa pampu bila kukubali jaribio hili, mkatalie.

Onyo ambalo hukuliuliza: unapotoa upepo kwa kulegeza nati za nozeli, weka mikono mbali. Hata nozeli za zamani hufunguka kwa presha ya bar 100 na kuendelea, na dizeli ya presha hiyo inapenya ngozi. Kidonda huonekana kama tundu la sindano tu, lakini ni dharura ya upasuaji, hata kama hakiumi. Na kama injini yako ni ya komoni reli, yaani nozeli zote zinalishwa na bomba moja la presha, ambako presha hupita bar 1,000, mabomba yale hayalegezwi kabisa injini ikizunguka.

Swali: Stata inalia ka-ka-ka tu. Nimenunua betri mpya, bado. Niongeze na stata mpya?

Hapana. Umeshanunua betri bila kupima, usirudie kosa hilo hilo kwenye stata.

Multimita (kipima umeme) ya bei ya chini kabisa itakuonyesha ukweli. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma karibu 12.6. Ikisoma 12.0 iko karibu tupu, hata ikiwa imetoka dukani leo. Mtu apige stata huku ukiangalia: isishuke chini ya takriban volti 9.6. Ikishuka zaidi, chaji betri kikamilifu na urudie kabla ya kumlaumu mtu.

Betri ikiwa nzima, pima njia ya umeme. Ncha moja ya multimita iguse nguzo ya hasi ya betri, risasi yenyewe wala si kichwa cha waya. Ncha nyingine iguse chuma kitupu cha injini. Piga stata. Ikisoma zaidi ya volti 0.3 hivi, waya wa bodi, ule mnene wa hasi, umeoza, umelegea, au umefungwa juu ya rangi na kutu. Fanya hivyo hivyo upande wa chanya, kutoka nguzo ya betri hadi bolti nene ya stata. Malori mengi yanayopigiwa ka-ka-ka ya haraka huponea hapa, kwa msasa na spana.

Mlio mmoja mzito, "tak", kisha kimya, ni habari nyingine. Kama betri haishuki volti hata kidogo wakati huo, umeme haupiti ndani ya stata: kaboni (brashi zinazopitisha umeme) zimekwisha au vikanyagio vya shaba vinavyounganisha umeme ndani ya solenoidi ya stata vimeungua. Hapo ndipo stata inafunguliwa, na mara nyingi inatengenezeka bila kununua nzima. Kuigonga kwa nyundo kunaweza kukufikisha nyumbani, lakini baadhi ya stata zina sumaku ndani ambazo hupasuka kwa kugongwa.

Tena usiikamue stata dakika nzima. Sekunde 10 hadi 15, kisha iache ipoe dakika moja au mbili.

Swali: Naruhusiwa kupulizia dawa ya kuwashia, ile ya etha, kwenye mdomo wa hewa?

Kwenye dizeli yenye plagi za hita au hita ya hewa, kamwe. Etha inawaka ikigusa hita, inalipuka kabla ya wakati wake, na inavunja ringi na pistoni. Lori lisilowaka bila etha ni gonjwa, litibiwe.

Swali: Pikapu yangu ya petroli, ya kabureta, inazima ikishapata moto. Nikisubiri nusu saa inawaka tena kama hakuna kilichotokea. Fundi mmoja amebadilisha kabureta, mwingine pampu ya petroli.

Wamebadilisha vipuri wakati injini imeshapoa na inawaka, ndiyo maana hawakupata kitu. Ubovu wa namna hii unakamatwa pale pale ilipozimia, ndani ya dakika tano za mwanzo. Beba plagi moja ya akiba na bisibisi.

Ikizima, egesha pembeni na kwanza kabisa fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia kinavuta pumzi, "fsss", na baada ya hapo gari likawaka, tundu la hewa la tangi limeziba. Petroli inatoka tangini lakini hewa haiingii kuchukua nafasi yake, mpaka pampu inashindwa kuvuta. Dawa ni kuzibua tundu au kubadilisha kifuniko. Inaniuma kuona mtu amelipia kabureta nzima kwa ajili ya kifuniko.

Kama hakikuvuta, toa kifuniko cha chujio la hewa, uchungulie ndani ya kabureta huku ukivuta kebo ya mafuta kwa mkono, injini ikiwa imezimwa. Ikirusha petroli, mafuta yapo. Isiporusha, huenda petroli imechemka ndani ya bomba na kugeuka mvuke. Angalia kama bomba limepita karibu na ekzosi, na kama ile spesa nene inayozuia joto chini ya kabureta ilitupwa na fundi aliyepita.

Mafuta yakiwepo, pima moto wa plagi, yaani cheche: plagi ya akiba kwenye waya wake, imegusishwa chuma cha injini, mbali na kabureta, kisha mtu apige stata. Usipoona cheche, shuku koili, kifaa kinachozalisha umeme wa cheche. Koili nyingi za zamani hufa zikipata joto na kufufuka zikipoa, kwa muda ule ule wa nusu saa unaousema.

Na tafadhali, acheni ile tabia ya kulisha kabureta kwa chupa ya petroli iliyoshikwa mkononi juu ya injini ya moto. Watu wanaungua.

Swali: Oili inapanda kwenye kijiti bila mimi kuongeza. Ni kawaida?

Si kawaida, na usiwashe tena. Inuse. Ikinuka dizeli, diaframu ya pampu ya kuvuta imepasuka au sili ya pampu ya nozeli imekwisha, na mafuta yanaingia kwenye oili. Oili nyepesi inaua beringi. Mbaya zaidi, injini inaweza kuanza kuvuta mchanganyiko ule yenyewe, kasi yake ikapaa na ikakataa kuzima hata ukifunga swichi. Likitokea hilo, ziba mdomo wa hewa kwa ubao au bamba la chuma, usitumie kiganja. Tengeneza, kisha mwaga oili yote na ubadilishe filta yake.

Swali: Nimepata lori zuri, muuzaji anasema shida yake ni betri tu. Ninunue?

Kama shida ni betri tu, mbona hajaweka nyingine siku ya kukuonyesha lori? Nenda na betri yako iliyojaa. Fika bila kutangaza saa, na kabla ya salamu kwisha weka kiganja karibu na injini. Ikiwa ya moto, imewashwa kwa ajili yako. Rudi siku nyingine. Dizeli iliyochoka huficha uchovu wake ikiwa na joto, na huutoa wote inapowashwa ikiwa baridi.

Kama limesimama miezi mingi, fungua koki ya chujio la maji, ukinge kwenye chupa ya kioo, uache itulie. Maji yatakaa chini. Ukiona na utando mweusi unaoteleza kati ya maji na dizeli, ni vijidudu vinavyoota mle. Tangi hilo litashushwa lioshwe, la sivyo utaziba filta moja baada ya nyingine. Ingiza gharama hiyo kwenye bei kabla hujatoa hela.

Swali: Lori langu lina betri mbili, volti 24. Redio nimeichukulia umeme kwenye betri moja. Kwa nini moja inakufa kila mara?

Kwa sababu ya redio hiyo. Betri moja inatumika na kupungua, nyingine inachajiwa kupita kiasi. Weka kifaa cha kushusha volti 24 kuwa 12, kisha nunua betri zote mbili kwa pamoja, za aina moja.