Mwiba Hausukumwi kwa Ugali

*Dokta, mume wangu kakwamwa na mwiba wa samaki changu tangu juzi. Matonge makavu ya ugali hayajausaidia. Tumpe ndizi? (Mama, Mikindani)*

Hapana, mama. Swali hili nimelijibu mara ngapi, na bado watu wanameza matonge! Tonge linaweza kuuzamisha mwiba hadi utoboe umio, mate na chakula vivujie kifuani, usaha ujikusanye. Kweli, mara nyingine mwiba umeshashuka, kilichobaki ni mkwaruzo. Lakini siku ya tatu hatubahatishi. Aende hospitali ya Ligula leo, asile chochote njiani. Akianza homa, shingo ikivimba au mate yakigoma kumezeka, hata usiku muondoke. Tena miiba mingine haionekani kwenye eksirei: picha ikiwa safi na koo bado linachoma, ombeni achunguzwe kwa kamera inayoingizwa kooni. Na mseme mlimpa ugali, msione haya.

*Wa miaka minne kameza shilingi 200. (Newala)*

Apigwe picha ijulikane ilipo. Ikishafika tumboni, kwa kawaida hutoka na choo. Dawa ya kuharisha msimpe.

*Wa miaka miwili kafungua rimoti, kibetri cha duara hakionekani, huenda kakimeza. Anacheza tu. Nisubiri choo? (Lindi mjini)*

Usisubiri hata kidogo! Kikikwama kooni, umeme wake hugeuza mate kuwa kemikali kali inayounguza nyama. Saa 2 zinatosha kuleta kidonda kibaya, na mtoto bado anacheza. Nimewahi kushika kimoja kilichotolewa kooni, upande mmoja mweusi kama mkaa. Kimbia hospitali. Kwa kuwa ameshapita mwaka mmoja, njiani mlambishe asali vijiko 2 vya chai kila dakika 10, visizidi vipimo 6. Usimtapishe, na usichelewe kwa kutafuta asali. Usipojua kama ni sarafu au betri, ihesabu betri. Nanyi mnaonunua midoli minadani, kifuniko cha betri kisicho na skrubu kirudisheni kwa muuzaji.

*Mwanangu wa miaka miwili alipaliwa na korosho. Wiki ya pili anakohoa, dawa ya kikohozi haisaidii. (Masasi)*

Haitasaidia, dada. Huenda kipande kiko kwenye njia ya hewa, kinavimba, na nyuma yake pafu linapata nimonia. Mwambie daktari neno "alipaliwa" kabla ya neno "kikohozi", maana wengi hulisahau na mtoto anaandikiwa dawa ileile tena. Na msimu huu wa kubangua, walio chini ya miaka mitano wapeni korosho iliyosagwa, si nzima.