Maswali ya Wasomaji: Mashua ndogo huizamishaje manowari kubwa?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba mwaka 1967 mashua ndogo za Misri ziliizamisha manowari ya Israeli bila hata kutoka bandarini. Naomba unieleze chombo kidogo kiasi hicho hubebaje silaha ya kuangamiza meli kubwa. Na kama ni rahisi hivyo, kwa nini mataifa yanaendelea kuunda manowari kubwa? Je, Kenya nayo imewahi kuwa na mashua za aina hiyo?
Msomaji wa Likoni, Mombasa

JIBU: Ndugu msomaji, tukio unalolitaja lilitokea tarehe 21 Oktoba 1967. Manowari Eilat, iliyoundwa Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ilikuwa ikifanya doria nje ya Port Said pale mashua za Misri za aina ya Komar, zilizotoka Urusi ya Kisovieti, zilipoirushia makombora ya P-15 zikiwa bado ndani ya bandari. Watu 47 waliokuwa ndani yake walipoteza maisha.

Siri ya kwanza imo katika namna silaha inavyokiacha chombo. Mzinga mkubwa unapofyatuliwa hurudi nyuma kwa kishindo kikubwa, na kishindo hicho lazima kipokelewe na sitaha nene, mataruma imara na uzito wa meli nzima, na ndiyo sababu mizinga mikubwa haikuweza kufungwa ila kwenye meli za maelfu ya tani. Kombora hujisukuma lenyewe, kwa hiyo chombo hutakiwa kuubeba uzito wake tu na kuustahimili moto wake kwa sekunde chache. Wasovieti walichukua mashua ya mbao ya kurushia torpedo, yaani mabomu yaendayo ndani ya maji, yenye urefu wa mita 25 hivi, wakaipandishia masanduku mawili, kila moja na kombora lenye urefu wa karibu mita 6, uzito wa zaidi ya tani 2 na kichwa cha baruti cha karibu nusu tani. Ukiitazama picha ya Komar utaona jinsi masanduku hayo yalivyokuwa makubwa kupita kiasi kwa mashua yenyewe, kwa sababu mabawa ya kombora hayakukunjika. Yalipokuja makombora ya mabawa ya kukunja, mashua za Osa, aina ya Kisovieti iliyoifuata Komar, za toleo la pili zilifungwa mapipa membamba ya mviringo mahali pa mabanda mapana yaliyotangulia.

Kombora hilo husukumwa kwanza na roketi iliyofungwa chini ya tumbo lake. Roketi hiyo ikiisha kuungua huanguka baharini, na injini kuu huendelea na safari hadi rada iliyo puani mwa kombora iwashwe na kuanza kuitafuta meli yenyewe.

Siri ya pili, ambayo mimi naiona kuwa kubwa zaidi na ambayo watu huisahau wanapohesabu kilomita za kombora, ni jicho. Dunia ni mviringo, na mawimbi ya rada hayafiki mbali sana chini ya upeo wa macho. Rada iliyo juu ya mlingoti wa mita 9, ikitafuta meli yenye kimo cha mita 16 juu ya maji, itaiona ikiwa umbali wa kilomita 29 hivi, hata kama kombora lina uwezo wa kwenda 40. Ndiyo maana India, ilipozituma mashua zake za Osa kuishambulia Karachi mwezi Desemba 1971, ilizisindikiza na meli kubwa zaidi zenye rada bora.

Jicho la kombora nalo hudanganyika. Usiku wa kuamkia tarehe 7 Oktoba 1973, karibu na bandari ya Latakia nchini Syria, mashua za Israeli zilizobeba makombora ya Gabriel, yanayofika kilomita 20 tu, zilikutana na mashua za Syria zenye makombora ya P-15, yanayofika mara mbili ya hapo. Waisraeli walivuruga rada za makombora hayo kwa mitambo ya redio na kwa vipande vyembamba vya metali vilivyotawanywa hewani, yote yakapita kando. Kisha wakasogea karibu na kuzizamisha mashua tatu za makombora pamoja na vyombo vingine viwili, bila wao kupoteza hata kimoja.

Kwa nini basi manowari kubwa? Kwa sababu mashua ndogo haina nafasi ya rada ya juu, ya helikopta, wala ya makombora ya kutosha ya kuzuia ndege. Mwaka 1991, katika Ghuba, helikopta za Lynx za Uingereza ziliziharibu mashua kadhaa za Iraq kwa makombora madogo ya Sea Skua, na mashua hizo hazikuwa na la kufanya. Tena mafuta ni machache, na bahari ikichafuka mabaharia huchoka upesi.

Kuhusu Kenya, ndiyo. Nyayo na Umoja, zilizoundwa Uingereza na kampuni ya Vosper Thornycroft na kuingia kazini mwishoni mwa miaka ya 1980, zina urefu wa karibu mita 57, na zilifungwa makombora ya Otomat pamoja na mzinga wa milimita 76. Ndugu zao wa karibu ni mashua za Oman za aina ya Dhofar, zilizotoka kwa kampuni hiyohiyo zikiwa na makombora ya Exocet. Urefu huo ni zaidi ya mara mbili ya ule wa Komar, na nafasi iliyopatikana ilitumika kwa mzinga, rada, mafuta na vyumba vya mabaharia, mambo ambayo doria ya siku kadhaa katika bahari ya kusi haiwezi kuyakosa.